Insha ya Kwanza ya Mwalimu Mtarajiwa: Mwongozo Kamili wa Uandishi wa Kitaaluma kwa Mwaka wa Kwanza

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesomea ualimu huandika kazi za aina nyingi kuliko wenzake wengi wa fani nyingine. Katika muhula mmoja anaweza kuandikia idara tatu au nne, na kila idara ina mazoea yake kuhusu kazi iliyo nzuri. Katika saikolojia ya elimu hoja husimama juu ya tafiti. Katika historia husimama juu ya hati na nyaraka. Katika fasihi husimama juu ya maneno yenyewe ya matini. Na katika maabara anatakiwa ripoti fupi inayotenganisha alichokiona na anavyokitafsiri. Juu ya hayo yote huja shajara ya tafakuri, ambamo anaruhusiwa, na hata kulazimishwa, kuandika "mimi". Kozi ya uandishi wa kitaaluma au stadi za mawasiliano, ambayo vyuo vikuu vingi huifanya ya lazima katika mwaka wa kwanza, hufundisha kanuni za jumla na kumwachia mwanafunzi kazi ya kuzipeleka katika kila idara. Mwongozo huu unaifuata insha moja ya elimu tangu swali linapotolewa hadi kazi inaporudi ikiwa imesahihishwa.

Swali tutakalolitumia ni hili: "Jadili kauli kwamba kazi za vikundi huboresha ujifunzaji katika madarasa yenye wanafunzi wengi." Urefu unaotakiwa ni maneno 1500, na muda uliotolewa ni wiki tatu.

Hatua ya kwanza: kulifumua swali

Liandike swali kwa mkono juu ya karatasi tupu, kisha utenge vitu vitatu: kitenzi kinachokuagiza cha kufanya, mada unayoagizwa kuishughulikia, na mipaka iliyowekewa mada hiyo. Kitenzi ndicho huwaponza wengi. "Eleza" humtaka mwandishi aonyeshe jambo lilivyo na linavyofanya kazi. "Linganisha" humtaka aviweke vitu viwili kwenye mizani ileile, si kueleza kimoja hadi mwisho na kisha kukigeukia cha pili. "Tathmini" humtaka atoe hukumu na kutaja vigezo vya hukumu hiyo. Na "jadili" humtaka apime upande unaounga mkono na unaopinga kabla ya kuchukua msimamo. Mwanafunzi aliyeagizwa kujadili akaishia kueleza hawezi kupata alama za juu, hata kama kila sentensi yake ni ya kweli.

Mwalimu mtarajiwa ana faida yake hapa. Katika kozi ya mbinu za kufundishia atajifunza ngazi za malengo ya kujifunza zilizopendekezwa na Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956, ambazo zilifanyiwa marekebisho mwaka 2001 na sasa husomeka kuwa kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini na kubuni. Wengi huzikariri kwa ajili ya kuandaa andalio la somo, bila kugundua kwamba mhadhiri naye huzitumia anapotunga maswali ya mtihani na insha. Ukijua kitenzi cha swali lako kiko ngazi ya ngapi, umekwisha kujua aina ya fikra unayodaiwa.

Katika swali letu mada ni kazi za vikundi na mchango wake katika ujifunzaji. Mpaka wake ni "madarasa yenye wanafunzi wengi", nao ndio mwanafunzi wa kawaida huusahau baada ya utangulizi. Insha inayosifia kazi za vikundi kwa jumla, bila kugusa ukubwa wa darasa, inajibu swali lingine ambalo hakuna aliyeliuliza. Kuna pia neno "kauli": mtoa swali anakuonyesha kwamba jambo hilo ni dai la mtu, na linaweza kukubaliwa, kukataliwa au kuwekewa masharti.

Hatua ya pili: kusoma ukiwa na swali mkononi

Anza na orodha ya usomaji iliyo katika muhtasari wa kozi, kwa sababu aliyeiandaa ndiye atakayekusahihisha na anatarajia kuona umeisoma. Baada ya hapo tafuta makala za majarida kupitia maktaba ya chuo, Google Scholar, au ERIC, ambayo ni hifadhi ya maandiko ya elimu iliyoanzishwa Marekani. Usitafute kwa neno moja tu. Anayetafuta "kazi za vikundi" peke yake atakosa maandiko yanayozungumzia ujifunzaji shirikishi, uwajibikaji wa mwanafunzi katika kikundi, au ufundishaji katika madarasa makubwa. Ukipata makala moja nzuri, nenda kwenye marejeo yake na uone imejengwa juu ya kazi zipi. Njia hiyo mara nyingi huleta matunda mengi kuliko saa mbili za kutafuta upya.

Makala ya jarida haisomwi kama hadithi. Soma ikisiri kwanza, yaani muhtasari mfupi ulio mwanzoni mwa makala, kisha hitimisho, kisha ujiulize kama makala inagusa swali lako. Kama haigusi, iache bila huruma. Kama inagusa, rudi kwenye sehemu ya mbinu za utafiti uone walichunguzwa watu gani, wangapi, na katika mazingira gani, kwa kuwa utafiti uliofanywa kwa watu wazima katika maabara hauwezi kutumiwa kana kwamba ulifanywa kwa watoto wa darasa la tatu.

Katika kuandika dondoo, gawa ukurasa wa daftari sehemu tatu. Sehemu ya kwanza andika kwa maneno yako alichosema mwandishi, pamoja na mwaka na namba ya ukurasa. Sehemu ya pili andika maneno yake halisi, yakiwa ndani ya alama za kunukuu tangu siku hiyohiyo. Sehemu ya tatu andika unachofikiri wewe: unakubali wapi, unashuku nini, kinahusianaje na mwandishi mwingine. Wizi wa kitaaluma hauanzii kwenye insha kama watu wanavyodhani. Mara nyingi huanzia kwenye daftari lisilo na alama za kunukuu, ambalo mwenyewe analifungua wiki mbili baadaye na kuyaona maneno mazuri ya mtu mwingine kana kwamba ni yake.

Mtego mmoja unaojirudia sana katika insha za elimu ni huu. Mwanafunzi huandika kwamba "mwaka 1978 Vygotsky alipendekeza" dhana ya umbali uliopo kati ya kile mtoto anachokiweza peke yake na kile anachokiweza akisaidiwa na mwenye ujuzi zaidi. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti, alifariki mwaka 1934. Mwaka 1978 ni wa kuchapishwa kwa mkusanyiko wa maandishi yake uliotafsiriwa kwa Kiingereza, na ndio unaowekwa kwenye mabano ya rejeo, lakini hauwezi kutumiwa kama mwaka aliofikiri jambo hilo. Mwalimu anayesahihisha akiliona kosa hili hutambua mara moja kwamba mwandishi amenakili rejeo bila kumjua mtu aliyemrejelea.

Hatua ya tatu: kutoka mada hadi dai

Ukimaliza kusoma, jaribu kulijibu swali kwa sentensi moja. Ukishindwa, bado hujawa tayari kuandika, hata kama una kurasa 20 za dondoo. Sentensi hiyo ndiyo dai kuu la insha, na ubora wake hupimwa kwa swali jepesi: je, yupo mtu mwenye akili timamu anayeweza kulipinga? "Insha hii itajadili faida na hasara za kazi za vikundi" si dai, ni tangazo. "Kazi za vikundi ni muhimu katika elimu" ni kauli ambayo hakuna wa kubishana nayo, na kwa hiyo haina cha kuthibitishwa. Linganisha na hii: "Kazi za vikundi huboresha ujifunzaji katika madarasa makubwa pale tu mwalimu anapompa kila mwanakikundi sehemu ya kazi ambayo yeye binafsi atawajibika nayo." Sentensi hii ina msimamo, ina sharti, imeuheshimu mpaka wa swali, na inamlazimisha mwandishi aeleze kwa nini sharti hilo lina uzito.

Hatua ya nne: hesabu ya maneno

Watu wengi huandaa muhtasari wa vichwa bila kuhesabu, kisha hushangaa insha inapofikia maneno 1400 huku hoja mbili zikiwa bado. Maneno 1500 ni machache. Ukitenga 150 kwa utangulizi na 150 kwa hitimisho, mwili unabakiwa na maneno 1200. Aya yenye hoja iliyokamilika huchukua takribani maneno 200, hivyo una aya sita tu. Moja itaeleza maana ya kazi za vikundi utakayoitumia, moja au mbili zitaonyesha faida, moja itaeleza hatari inayoletwa na ukubwa wa darasa, moja itaonyesha jinsi uwajibikaji wa mtu mmoja mmoja unavyoipunguza hatari hiyo, na moja itajibu pingamizi kubwa. Hesabu hii ndiyo itakayokufanya utupe hoja tano kati ya tisa ulizozikusanya, na kutupa huko ni sehemu ya uandishi.

Hatua ya tano: kuijenga aya

Hapa ndipo alama nyingi hupatikana au kupotea, kwa hiyo tukae kidogo. Tazama kwanza aya dhaifu ya aina inayoonekana sana:

"Kazi za vikundi ni muhimu sana. Tangu zamani binadamu wamekuwa wakishirikiana. Latané na wenzake (1979) walisema watu wakiwa katika vikundi hupunguza juhudi. Pia vikundi huwafanya wanafunzi wajiamini. Kwa hiyo walimu wanapaswa kutumia vikundi."

Hakuna sentensi hapo iliyo na uongo mkubwa, lakini hakuna inayoitegemea nyingine. Utafiti umetajwa kisha umeachwa kama mgeni aliyekaribishwa bila kupewa kiti. Tena unapinga hitimisho la aya, na mwandishi hakugundua. Sasa tazama aya iliyotumia utafiti uleule:

"Ukubwa wa darasa hauiondoi faida ya kazi za vikundi, ila huongeza uwezekano wa baadhi ya wanafunzi kujificha nyuma ya wenzao. Latané na wenzake (1979) waliwataka washiriki wapige makofi na kupaza sauti kwa nguvu zao zote, wakiwa peke yao na wakiwa katika vikundi, wakaona kwamba juhudi ya kila mtu ilipungua kadiri kikundi kilivyoongezeka. Jaribio hilo halikufanyika katika somo la darasani, na kupiga makofi si sawa na kutatua tatizo la hisabati. Hata hivyo, linaonyesha kwamba mtu hulegea pale mchango wake unapomezwa na wa wengine. Katika darasa kubwa hali hiyo ni ngumu kuigundua, kwa kuwa mwalimu anapokihudumia kikundi kimoja, vikundi vingine vyote huwa nje ya macho yake. Kwa hiyo, faida ya kikundi katika darasa la namna hiyo inategemea kama mwalimu ameandaa njia ya kuuona mchango wa kila mwanafunzi."

Sentensi ya kwanza inatoa dai la aya, ya pili inaleta ushahidi, ya tatu inakiri udhaifu wa ushahidi huo, ya nne inaonyesha kinachobaki imara, ya tano inaupeleka kwenye mpaka wa swali, na ya sita inaifunga aya kwenye dai kuu. Sentensi ya tatu ndiyo adimu kuliko zote katika kazi za mwaka wa kwanza. Wanafunzi huogopa kwamba wakitaja udhaifu wa utafiti watakuwa wameidhoofisha hoja yao, ilhali msahihishaji huiona sentensi hiyo kama ushahidi wa kwanza kwamba mwandishi anafikiri.

Aya inayofuata inaweza kuleta mbinu ya vipande vya fumbo iliyoanzishwa na Elliot Aronson na wenzake mwaka 1971 huko Austin, Texas, ambamo kila mwanafunzi hupewa sehemu ya somo ambayo wenzake hawana, hivyo kikundi hakiwezi kufaulu bila yeye kufundisha sehemu yake. Inaweza pia kumleta Robert Slavin, ambaye kwa miaka mingi alisisitiza kwamba kikundi huleta matokeo mazuri kikiwa na lengo la pamoja na kila mmoja akiwajibika kwa alichojifunza. Angalia kwamba waandishi hawa wawili hawakuwekwa ili kujaza marejeo: wanajibu tatizo lililoibuliwa na aya iliyotangulia.

Kusema kwa maneno yako

Kubadilisha neno mojamoja kwa visawe vyake hakumtoi mtu kwenye wizi. Chukua sentensi hii ya kubuni: "Mwalimu anayeuliza swali na kusubiri sekunde chache kabla ya kumtaja mwanafunzi wa kujibu huwapa wanafunzi wote sababu ya kufikiri." Mwanafunzi mvivu ataandika: "Mwalimu anayetoa swali na kungoja sekunde kadhaa kabla ya kumteua mwanafunzi wa kujibu huwapatia wanafunzi wote sababu ya kuwaza." Mifupa ya sentensi ni ileile; kilichobadilika ni nguo. Aliyeelewa ataandika: "Kimya kifupi baada ya swali hulifanya darasa zima litafute jibu, kwa kuwa bado hakuna anayejua ni nani atakayeitwa." Njia ya kufika hapo ni kusoma, kufunga kitabu, kumweleza mtu au ukuta kwa sauti ulichoelewa, kuandika, kisha kurudi kwenye kitabu kuhakiki kwamba hujapotosha. Na hata baada ya yote hayo rejeo linabaki kuwa la lazima, kwa sababu wazo si lako.

Nukuu za moja kwa moja zitumike kwa uchache: pale maneno yenyewe ndiyo unayoyachambua, au pale fasili imeundwa kwa namna ambayo kuibadilisha kutaipotosha. Katika fasihi hali ni tofauti, kwani huko maneno ya matini ndiyo ushahidi.

Marejeo

Jambo hili lina kanuni nyingi na ugumu mchache. Uliza idara inatumia mtindo gani, kisha uufuate bila kuuchanganya na mwingine. Idara za elimu na saikolojia hupenda mtindo wa APA, yaani wa Chama cha Saikolojia cha Marekani, ambao toleo lake la saba lilitoka mwaka 2019 na ambao hutaka kazi yenye waandishi watatu au zaidi itajwe kwa mwandishi wa kwanza "na wenzake" tangu mara ya kwanza. Idara za historia nyingi hutumia tanbihi chini ya ukurasa. Kama umelisoma wazo la mtu ndani ya kitabu cha mwingine, sema hivyo waziwazi, na kwenye marejeo uweke kitabu ulichokishika wewe. Epuka kabisa "watafiti wengi wanasema" na "inaaminika kwamba", ambazo katika Kiswahili hutiririka vizuri mno hadi mwandishi asione kwamba hajamtaja mtu hata mmoja. Programu za akili mnemba nazo zimejulikana kuzalisha marejeo ya kazi zisizokuwepo. Soma kwanza kanuni za chuo chako kuhusu matumizi yake, na usiandike rejeo ambalo hujalifungua kwa macho yako.

Kazi ya tafakuri ni jambo jingine

Baada ya kwenda kuangalia masomo shuleni au kufanya mazoezi ya kufundisha, utatakiwa uandike tafakuri, na mazoea ya insha hayatakusaidia sana. Msukumo mkubwa wa kazi hizi ulitoka kwa Donald Schön, aliyeeleza mwaka 1983 jinsi wataalamu wanavyofikiri wakiwa ndani ya utendaji na baada yake. Vyuo vingi humpa mwanafunzi mzunguko wa Graham Gibbs wa mwaka 1988 wenye sehemu sita: maelezo ya tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango wa utekelezaji. Kosa linalojirudia ni kuyaacha maelezo ya tukio yameze kazi nzima. Tukio lipewe aya moja, na uchambuzi upewe nafasi kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa kuwa hapo ndipo nadharia uliyoisoma inapokutana na kilichotokea. Usiandike "somo lilikwenda vizuri". Andika ni wanafunzi wangapi walijibu, walikwama wapi, wewe ulifanya nini, na kwa nini unadhani hukufanya kingine. Majina halisi ya wanafunzi na ya shule yasiingie kabisa.

Hatua ya sita: kuhariri na kukusanya

Utangulizi uandikwe mwisho, au uandikwe upya mwisho, kwa maana rasimu ya kwanza ndiyo inayokufundisha unachotaka kusema. Kisha pitia kazi mara tatu kwa siku tofauti. Mara ya kwanza soma sentensi ya kwanza ya kila aya peke yake: zikifuatana kama hoja moja, muundo uko sawa. Mara ya pili linganisha kila rejeo la ndani na orodha ya mwisho. Mara ya tatu soma kwa sauti, kwani ulimi hukwama pale sentensi ilipovunjika, nalo jicho hupita bila kuona. Kama mhadhiri ametoa mwongozo wa usahihishaji, jipe alama kwa kila kigezo kabla yeye hajakupa.

Kazi ikirudi, wengi hutazama alama na kuikunja. Nakili maoni yote kwenye ukurasa mmoja wa daftari, uyaongeze kwa kila kazi itakayofuata, na ujifunze kuyasoma. "Fafanua" kwa kawaida maana yake ni kwamba dai lipo lakini ushahidi haupo. "Kwa hiyo?" maana yake ni kwamba ushahidi upo lakini hujasema unathibitisha nini. "Nani kasema?" inadai rejeo. "Umetoka nje ya mada" mara nyingi inaashiria kwamba mpaka wa swali umesahauliwa. Oni moja likijitokeza katika idara mbili tofauti, beba kazi zote mbili uende nazo kwa mhadhiri wa kozi ya uandishi katika saa zake za kuonana na wanafunzi, umwonyeshe aya mbili zilizoandikiwa oni hilo, na umwombe akutazame ukiiandika upya mojawapo hapohapo.